Bakapu Imegoma Kwenye Diski ya Nje: Mwongozo Kamili wa Kusaka Tatizo Hatua kwa Hatua

Kabla hujagusa chochote, fungua faili mbili tatu unazozitegemea zilizo ndani ya kompyuta yenyewe. Zikifunguka vizuri, tulia. Kilichokataa ni bakapu, yaani nakala ya akiba; mali ingali ipo, na una muda wa kutafuta chanzo bila papara. Zikisitasita kufunguka, au kompyuta ikaganda kila unapoingia folda fulani, ugonjwa uko kwenye diski ya ndani. Hapo nakili kwanza vitu usivyoweza kuvipata tena, hata kwa flashi ya kuazima, ndipo urudi kusoma.

Nasisitiza mpangilio huo kwa sababu hasara kubwa mara nyingi huletwa na matengenezo, si na kuharibika kwa diski. Bakapu inagoma, mwenye diski anaifomati ili “ianze upya”, kumbe humo ndimo ilimokuwa nakala pekee ya video ya kwanjula (sherehe ya kutambulishana kwa wakwe) ya mteja aliyekwisha kulipa.

Mwongozo huu unalenga zaidi kompyuta za Windows, maana ndizo zilizojaa kwetu, kuanzia vibanda vya kuchapa vya Wandegeya hadi ofisi za SACCO kule Arua. Wenye Mac nimewawekea kipande chao. Na sababu ya kushikilia diski ya nje badala ya mawinguni, yaani hifadhi ya mtandaoni, kila mtu Uganda anaijua: bando. Tangu Julai 2021 data ya intaneti inabeba ushuru wa asilimia 12, na mpiga picha wa Mbarara mwenye gigabaiti 200 za harusi hawezi kuzipandisha kwa bando la wiki.

Dirisha la kufomati: likatae

Ukichomeka diski na Windows ikakuambia kwamba lazima uifomati ndipo uitumie, bonyeza Cancel. Ujumbe huo hauna maana kwamba diski ni tupu. Maana yake ni kwamba Windows imeshindwa kusoma orodha inayoonyesha faili ziko wapi, na mara nyingi faili zenyewe bado zimelala palepale. Chanzo kinaweza kuwa kebo mbovu tu, au umeme uliokatika katikati ya kuandika, au diski iliyofomatiwa kwenye Mac ambayo Windows haiielewi. Ukiifomati, unafuta ramani. Ukianza kuandika vitu vipya juu yake, unafuta na mali.

Kama diski ina kitu unachokihitaji na dirisha hilo linarudi hata kwenye kompyuta nyingine na kwa kebo nyingine, usiendelee na hatua za kawaida. Ruka hadi sehemu ya afya ya diski.

Soma kile kompyuta inachokuambia

Watu hufunga ujumbe wa hitilafu haraka kama wanaofukuza nzi, halafu humwambia fundi, “Iliandika tu kitu fulani chekundu.” Upige picha kwa simu. Ule msimbo unaoanza na 0x ndio wenye habari, na michache hurudi mara kwa mara:

- 0x80070070: nafasi imekwisha kwenye diski.
- 0x8007045D: kompyuta na diski haziwasiliani vizuri. Shuku kebo na tundu la USB kwanza, kisha diski.
- 0x80070017: kuna data isiyosomeka. Inaweza kuwa sekta mbovu (kijisehemu cha diski kilichoharibika), ama upande wa diski ya nje au, kwa bahati mbaya zaidi, upande wa ndani.
- 0x80070079: kompyuta ilisubiri jibu la diski hadi ikachoka.
- 0x80070020: faili inatumiwa na programu nyingine.
- 0x80070005: umenyimwa ruhusa.

Kama ujumbe umekwisha kupotea, andika eventvwr kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, ufungue programu itakayotokea. Ingia Applications and Services Logs, kisha Microsoft, kisha Windows. Anayetumia File History, programu ya bakapu iliyomo ndani ya Windows, atazame FileHistory-Engine; anayetumia ile bakapu ya zamani iliyorithiwa kutoka Windows 7 atazame Backup. Utaona tarehe, saa, na mara nyingi jina la faili iliyokwamisha kazi. Saa hiyo ilinganishe na yale yaliyotokea ofisini. Ikiwa bakapu imekufa wakati uleule umeme ulipokatika, upelelezi umekaribia kuisha.

Ila kuna bakapu isiyogoma kwa kelele, nayo ndiyo mbaya zaidi. Haionyeshi msimbo wala rangi nyekundu, lakini faili ya mwisho ndani ya diski ni ya miezi minne iliyopita. Kwa hiyo hata kama hakuna ujumbe wowote, fungua diski yenyewe na utazame tarehe ya faili mpya kabisa iliyomo. Hiyo ndiyo tarehe ya kweli ya bakapu yako, hata programu iseme nini.

Kebo, tundu na umeme

Naanza hapa daima, kwa kuwa ni rahisi kukagua na ndipo panapojificha matatizo mengi. Diski ndogo za nje hazina waya wake wa umeme. Zinakula umeme wa USB. Tundu la USB 2.0 limewekewa kiwango cha miliampia 500, na la USB 3.0 miliampia 900. Diski inapoanza kuzunguka huhitaji nguvu zaidi kwa muda mfupi, na tundu dhaifu likishindwa kuipa, diski huwaka taa, hutoa mlio mdogo, hupotea, hurudi. Bakapu ndefu haiwezi kuvumilia mchezo huo.

Kwa hiyo fanya hivi. Badilisha kebo, na usitumie ile ndefu ya kuchajia simu. Diski nyingi zina kichwa kipana chembamba kilichogawanyika sehemu mbili, nacho hulegea upesi kwa sababu ya kuchomekwa na kuchomolewa. Ukikitikisa kidogo na diski ikapotea, umempata mhalifu. Kwenye kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma, yale yaliyo moja kwa moja kwenye ubao mkuu, kwa sababu ya mbele hupitia waya mwingine ndani ya kasha. Usichomeke diski kwenye kigawanyi cha USB kisicho na umeme wake, hasa kama kipanya, kibodi na printa navyo vimepanga foleni humo. Tundu la USB 3.0 mara nyingi lina rangi ya buluu ndani. Kasi nayo ni dalili: kupitia USB 2.0 utaona takriban megabaiti 30 hadi 40 kwa sekunde, wakati diski hiyohiyo kwenye USB 3.0 hupita 100. Ukikuta diski mpya inatambaa kwa 30, imeingia kwenye tundu la zamani au kebo haifai.

Kisha kuna Windows yenyewe, ambayo hupenda kuzima matundu ya USB ili kuokoa betri. Fungua mipangilio ya umeme, mahali pa kubadilisha mpango unaoutumia, uingie mipangilio ya ndani, utafute USB selective suspend na uizime. Papo hapo hakikisha laptopu hailali baada ya dakika kumi na tano wala ukifunga kifuniko. Bakapu ya kwanza inaweza kuchukua saa nyingi, na wengi huiacha ikienda, hufunga kifuniko, huenda nyumbani. Asubuhi wanalaumu diski.

Sasa tuje kwenye umeme wa ukutani. Aprili 2025 usambazaji ulihama kutoka kampuni iitwayo Umeme kwenda kampuni ya serikali, UEDCL, lakini diski haijui jina la kampuni. Inajua kwamba umeme umekatika au Yaka (umeme wa kulipia kabla) imeisha. Laptopu ina betri, hivyo diski inayoitegemea huendelea. Kompyuta ya mezani huzimika pamoja na diski, na kama diski ilikuwa inaandika, ile orodha ya faili inaweza kubaki nusu. Diski hupangwa kwa fomati, kama NTFS au exFAT. Ya NTFS huweka daftari la mabadiliko linaloisaidia kujirekebisha. Ya exFAT haina daftari hilo, kwa hiyo huumia zaidi. Kwa mwenye kompyuta ya mezani, UPS ndogo yenye betri nzima ndiyo ununuzi wa kwanza, kabla hata ya diski ya pili. Haina haja ya kuiwasha kompyuta mchana kutwa. Inatosha ikupe dakika za kusimamisha bakapu na kuzima kwa utaratibu. Mvua ya radi ikikaribia, chomoa kila kitu ukutani. Watu wa pembezoni mwa Ziwa Viktoria hawahitaji kuelezwa sababu.

Saa na ratiba

Hapa ndipo zinapozaliwa zile bakapu zinazokufa kimyakimya.

Tazama kwanza kama saa ya kompyuta iko sawa. Kompyuta za mezani zilizotumika, ambazo ndizo nyingi mashuleni na maofisini, zina betri ndogo ya duara kwenye ubao mkuu, aina ya CR2032, ya volti 3. Ikifa, kila umeme ukikatika kompyuta husahau tarehe na kuamka ikiamini iko miaka mingi nyuma. Mtu huona saa imekosea kwenye kona ya skrini na kupuuza. Lakini programu ya bakapu huamua kwa tarehe: faili uliyoiandika leo inaonekana nzee kuliko nakala ya mwezi uliopita, basi inarukwa. Siku ya ratiba nayo haifiki kamwe. Betri hiyo hupatikana kwa bei ndogo, na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache: zima, chomoa waya wa ukutani, fungua kasha, bonyeza kile kishikizo, toa ya zamani, weka mpya upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu, kisha rekebisha tarehe.

Halafu ratiba yenyewe. Bakapu ile ya Windows 7, ambayo bado imo ndani ya Windows 10 na 11, ukikubali mpangilio wake wa awali hujipanga kufanya kazi kila Jumapili saa moja jioni. Jumapili jioni ofisi imefungwa, swichi kuu imezimwa, diski imo kwenye droo. Hakuna kilichoharibika, ni ratiba ya nchi nyingine. Ihamishie saa saba mchana siku ya kazi, watu wanapokwenda kula, kompyuta ikiwa imewashwa na diski imechomekwa. File History kwa upande wake hujaribu kila saa, lakini diski ikikaa mbali muda mrefu hukuomba uiunganishe tena, na ombi hilo ni kijisanduku kidogo ambacho wengi hawakioni.

Nafasi na aina ya fomati

Bofya kulia kwenye diski, chagua Properties, usome mambo mawili: nafasi iliyobaki na File system.

Diski ya terabaiti 1 huonekana kwenye Windows kama gigabaiti 931 hivi. Hujaibiwa, mtengenezaji na Windows wanahesabu kwa njia mbili tofauti. Wizi uko kwingine, kwenye zile “terabaiti 16” zinazouzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Ndani huwa na kadi ndogo ya kumbukumbu iliyofundishwa kudanganya. Inapokea faili hadi ujazo wake halisi uishe, kisha inaandika juu ya za mwanzo au inatupa hewani, na majina ya faili yote yanabaki kuonekana. Programu ya bure iitwayo H2testw huijaza diski data ya majaribio na kuisoma tena. Iendeshe kwenye diski yoyote mpya unayoitilia shaka, ikiwa bado tupu. Inachukua muda mrefu. Iache ifanye.

Kama diski ni ya kweli lakini imejaa, usifute folda ya FileHistory kwa mkono ili kupata nafasi. Ingia kwenye File History kupitia Control Panel, fungua mipangilio ya ndani, kuna sehemu ya kusafisha matoleo ya zamani: chagua yafutwe yenye umri zaidi ya mwaka mmoja, kwa mfano. Kwa kawaida yenyewe huhifadhi kila toleo milele, ndiyo maana diski hujaa hata kama kazi zako hazijaongezeka sana.

Sasa fomati. Ukiona FAT32, hapo hapo umepata jibu la lile fumbo linalowasumbua wapiga video: picha zinaingia, nyaraka zinaingia, video ya saa mbili inakataa, na diski ina nafasi tele. FAT32 haipokei faili moja inayofikia gigabaiti 4. Diski kama hiyo inaweza kugeuzwa kuwa NTFS bila kufuta vilivyomo. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi, uandike, ukiweka herufi ya diski yako badala ya E:

convert E: /fs:ntfs

Nasema inaweza. Umeme ukikatika katikati, hakuna dhamana, hivyo hakikisha vilivyomo vina nakala mahali pengine. Ikiwa ni exFAT, amri hiyo haifanyi kazi. Itabidi uhamishe vitu, uifomati NTFS, uvirudishe. Kwa diski ya bakapu ya Windows peke yake, NTFS ndiyo chaguo langu bila kusita. exFAT iachie diski inayosafiri kati ya Mac na Windows.

Faili zinazokataa kunakiliwa

Kebo ni nzima, nafasi ipo, saa ni sawa, lakini bakapu husimama palepale kila mara. Basi kuna faili inayoizuia.

Ya kawaida kabisa ni faili iliyofunguliwa. Programu za uhasibu na Outlook hushikilia faili zao kubwa muda wote zinapokuwa wazi. Zifunge zote kabla ya kuanza. Ofisini, hakikisha hata kompyuta ya mwenzako aliyeunganishwa kwa mtandao ameifunga.

Ya pili ni jina refu mno. Programu nyingi za Windows hukwama njia ya faili ikipita herufi 260, ukihesabu kila folda kuanzia C. Folda ndani ya folda ndani ya folda, kila moja ikiitwa “Nakala ya ripoti ya mwisho kabisa iliyorekebishwa”, na mara tu unapoongeza jina la folda ya bakapu mbele yake, kiwango kinapitwa. Fupisha majina ya folda za juu.

Ya tatu ni OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Windows ya siku hizi hukushawishi uhamishie Documents na Desktop huko, na ukikubali, folda hizo huhama kutoka mahali ambapo programu yako ya bakapu ilizizoea. Inaendelea kunakili folda ya zamani iliyo tupu na kuripoti mafanikio. Zaidi ya hapo, faili zenye alama ya wingu hazimo kwenye kompyuta kabisa. Programu ikijaribu kuzinakili, Windows inaanza kuzipakua, na bando lako linakatika kabla bakapu haijafika nusu. Bofya kulia kwenye folda unazozihitaji, uchague zibaki kwenye kifaa daima, na uifanye kazi hiyo penye Wi-Fi isiyo yako.

Halafu virusi. Flashi na diski zinazopita kwenye vibanda vya intaneti hurudi na kile kirusi kinachoficha folda zote na kuweka vijia vya mkato (shortcut) vyenye majina yaleyale. Mwenye diski hudhani amepoteza kila kitu. Usibofye vijia hivyo. Kwanza safisha kompyuta na diski kwa antivairasi iliyosasishwa, kisha katika Command Prompt:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zako zitaonekana tena, na vijia vya mkato unaweza kuvifuta. Ikiwa antivairasi yenyewe ndiyo inayozuia bakapu, utaona kwenye historia ya ulinzi ya Windows Security kwamba programu fulani imezuiwa kubadilisha folda zinazolindwa. Iruhusu programu hiyo peke yake, usizime ulinzi wote.

Na “umenyimwa ruhusa” mara nyingi huja kwenye diski iliyohamia kutoka kompyuta nyingine, au baada ya Windows kuwekwa upya. Bofya kulia kwenye folda ya bakapu, Properties, Security, Advanced, ubadilishe mmiliki awe akaunti yako, na uruhusu badiliko lishuke kwenye folda zote za ndani.

Programu yenyewe imechanganyikiwa

File History ikigoma bila sababu inayoonekana, izime. Kwenye diski ya nje badilisha jina la folda ya FileHistory iwe, tuseme, FileHistory-zamani; usiifute. Kisha bandika njia hii kwenye File Explorer na ubadilishe pia jina la folda ya Configuration iliyomo:

%LocalAppData%\Microsoft\Windows\FileHistory

Washa File History upya na uchague diski. Itaanza kama siku ya kwanza, kwa hiyo hakikisha nafasi inatosha. Na ukumbuke inachochukua: Desktop, Documents, Music, Pictures, Videos na vingine vichache. Folda uliyojitengenezea moja kwa moja chini ya C au D haimo, mpaka uiingize kwenye mojawapo ya maktaba hizo. Nimekutana na ofisi zilizoamini kwamba D nzima inanakiliwa, na haikuwahi kunakiliwa hata siku moja.

Wanaotengeneza taswira ya mfumo mzima (nakala ya Windows yote pamoja na programu zake) huona msimbo 0x80780119 ukilalamikia nafasi, wakati diski ya nje ina mamia ya gigabaiti. Lalamiko linahusu vipande vya diski ya ndani, na mara nyingi ni kile kidogo kilichofichwa: kikiwa chini ya megabaiti 500, angalau 50 ziwe wazi. Kukipanua ni kazi inayohitaji uangalifu, na kwa maoni yangu wengi hawana haja nayo. Microsoft yenyewe ilitangaza mwaka 2017 kwamba haiendelezi tena chombo hicho. Windows inaweza kuwekwa upya na fundi yeyote; hesabu za SACCO haziwezi.

Kwa Mac: Time Machine, programu yake ya bakapu, ikisimama kwenye “kuandaa”, iachie muda, hasa baada ya kusasisha mfumo. Ikishindikana, endesha First Aid ndani ya Disk Utility juu ya diski hiyo. Mac husoma diski ya NTFS bila kuweza kuiandikia, na Time Machine huhitaji diski iliyofomatiwa kwa ajili yake, na inashauriwa iwe na ukubwa wa angalau mara mbili ya hifadhi ya Mac. Ikiwa laptopu haijachomekwa umeme, angalia kama umeiruhusu kufanya bakapu kwa betri.

Afya ya diski

Ukifika hapa bila jibu, sasa shuku chuma chenyewe. Sogeza sikio. Mlio wa tiki-tiki unaojirudia kwa mpigo mmoja, au diski inayozunguka na kusimama tena na tena, ni vichwa vya kusomea vinavyohangaika. Chomoa, na usiichomeke tena “kujaribu mara moja tu”. Usiifungue, usiiweke kwenye friji, na usimpe kijana mwenye bisibisi. Kama kilichomo kina thamani, kitafutie mtaalamu wa kuokoa data; kama kina nakala kwingine, nunua diski mpya.

Kama haina mlio, weka CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma ripoti ambayo diski hujiandikia. Tazama mistari minne. Wa 05 ni sekta zilizokwisha kuhamishwa, C5 ni zinazosubiri hukumu, C6 ni zisizosahihishika. C5 au C6 ikiwa juu ya sifuri, hamisha vitu leo, si wiki ijayo. Mstari wa C7 ni tofauti: unahesabu makosa ya mawasiliano, na ukipanda wakati mingine mitatu imetulia, kosa huelekea kuwa la waya au muunganiko. Baadhi ya vifuko vya USB havipitishi ripoti hii. Ukikosa kuiona, si lazima diski iwe mbovu.

Ndipo tunafika kwenye chkdsk, ambayo watu huikimbilia kwanza ilhali inapaswa kuja baada ya kuokoa. Kwa diski isiyo na dalili za kufa:

chkdsk E: /f

Hiyo hurekebisha orodha ya faili. Ukiongeza /r badala ya /f, husoma diski yote kutafuta sekta mbovu, kazi ya saa nyingi kwa terabaiti moja. Kwa diski iliyochoka, /r ni kumkimbiza mgonjwa. Ikiwa diski inaonekana kama RAW, yaani Windows haitambui fomati yake, na kuna kitu ndani, TestDisk na PhotoRec ni programu za bure zinazoaminika, mradi kile unachookoa ukihifadhi kwenye diski nyingine kabisa.

Kuna diski nzima zinazofanana na mbovu. Diski nyingi ndogo za nje huandika data kwa mistari inayopandana kama mabati ya paa. Zinaanza kwa kasi nzuri, kisha baada ya makumi ya gigabaiti kasi inaporomoka na wakati mwingine zinasimama kabisa kwa muda. Bakapu ya kwanza igawe vipande, folda chache kwa siku, na tatizo litapungua sana.

Njia ya mkono ninayoipendelea

Programu zote zikikukatalia, Windows ina robocopy, amri ya kunakili faili. Mfano, ukibadilisha majina yawe yako:

robocopy "C:\Users\Jina\Documents" "E:\Bakapu\Documents" /E /XJ /R:1 /W:2 /TEE /LOG:C:\Users\Jina\bakapu.txt

/E huchukua folda zote za ndani. /XJ huruka njia za ndani za Windows ambazo zingekupa makosa ya bure. /R:1 na /W:2 ni za lazima kwa maoni yangu: bila hizo, robocopy ikikwama kwenye faili moja hujaribu mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara, na wewe utadhani kompyuta imeganda. Mwisho wa kazi huandika jedwali. Tazama safu ya FAILED. Ikiwa si sifuri, fungua bakapu.txt na utafute neno ERROR, utaona faili gani na kwa nini. Faili isiyobadilika haitanakiliwa tena kesho, hivyo mara ya pili huwa haraka. Utakutana na ushauri wa kutumia /MIR. Huo hufuta kwenye bakapu chochote kilichofutwa kwenye kompyuta, na ukikosea mpangilio wa folda hizo mbili unafuta kazi yako yote. Uache.

Baada ya kupona

Chagua faili tano za aina tofauti kutoka kwenye diski, ikiwemo video moja ndefu na kitabu cha hesabu, uzifungue kwenye kompyuta nyingine. Video isogeze hadi mwisho. Fanya hivyo kila mwezi, siku ya kulipa mishahara kwa mfano, ili usisahau.

Diski isibaki imechomekwa muda wote. Virusi vya kudai fidia hufunga kila diski iliyounganishwa wakati vinapoingia, na mwizi akibeba laptopu hubeba na kilicho kando yake. Wenye uwezo wa diski mbili wazipokezane kila Ijumaa: moja ofisini, nyingine nyumbani kwa mtu anayeaminika. Kabla ya kuchomoa, tumia alama ya kutoa kifaa kwa usalama, na ikiwa utapanda boda, diski iwe imezimika na imefungwa ndani ya kitu laini, mbali na mvua.

Shule, kliniki na SACCO zina jambo la ziada. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde, na diski iliyojaa majina ya wagonjwa iliyosahaulika kwenye teksi ya Kampala haijalindwa. Windows Pro inaweza kuifunga kwa BitLocker, ili isisomeke bila nywila. Windows Home hufungua diski iliyofungwa lakini haiwezi kuifunga yenyewe. Ufunguo wa dharura uchapishwe kwenye karatasi na uwekwe kwenye faili la ofisi. Usiuhifadhi ndani ya kompyuta ileile unayoifanyia bakapu.